Mama Alifunga Macho kwa Leso

Kama wiki iliyopita hukunisoma, usihangaike kulitafuta gazeti. Najua limeshafungiwa mandazi. Nakukumbusha upesi upesi, kwa sababu leo nina mengi na subira sina.

Mimi ni Shallon, binti wa Engole wa Mella, Mteso. Nimeolewa na Maloba, Msamia wa Masinya. Tumepanga vyumba viwili hapa Busia, upande wa Uganda, nyuma ya pale malori yanapongoja kuvuka mpaka. Mimi nauza mukene sokoni, wale samaki wadogo ambao wenzetu ng'ambo huwaita omena. Maloba anapitisha mizigo ya watu forodhani.

Mimba mbili zilinitoka, zote katika mwezi wa tano. Sikuanguka, sikupigwa, sikula kitu. Mlango wa kizazi ulilegea tu, ukafunguka, mtoto akateremka kabla ya wakati wake. Hii ya tatu, daktari wa Tororo aliwahi. Aliushona ule mlango kwa uzi, akaniambia: usibebe kitu, usichuchumae, usikutane na mume, lala, pumzika. Uzi tutautoa siku zako zikikaribia.

Nilipokuachia, mama yangu mzazi alikuwa amefika kuniuguza, kikapu kichwani, kuku kwapani. Nikamwambia ingia. Akakataa.

Sasa sikia.

"Mama, karibu ndani!" nilirudia, kwa sauti, kutoka kitandani.

"Hapa pananitosha."

"Hapo ni nje!"

"Najua ni nje. Nina macho."

"Umetoka Mella uje ukae nje?"

"Nimetoka Mella kuja kwako. Sikuja kuangalia kitanda cha mkwe wangu."

Haki ya Mungu nilikuwa nimesahau. Maumivu na woga vilikuwa vimenijaa kichwani, la mwiko likanitoka. Kwetu Wateso na kwao Wasamia, katika hili hatubishani: mama wa msichana halali nyumbani kwa mkwe wake, na chumba anacholala mkwe hakanyagi. Kitanda chake hakioni. Wengine siku hizi wameacha, hasa waliohamia Kampala. Mama yangu Elinah hajahamia Kampala.

"Sasa utaniuguzaje?"

"Mungu atatuonyesha."

Mungu alituonyesha Kulusumu, jirani yetu wa mlango wa pili, mke wa Nurudin mwenye pikapu. Alisikia mabishano akatoka na ufagio mkononi.

"Mama wa Shallon ni mama yangu," alisema. "Atalala kwangu na mabinti. Chumba cha Shallon kina dirisha, si ndiyo? Basi shida iko wapi?"

Ndivyo tulivyoanza kuishi. Mama alitandika mkeka chini ya dirisha langu, upande wa nje. Pazia lilikuwa halifunguliwi, asije akakosea akaona ndani. Uji ukiiva, mkono wake ulipita kati ya vyuma vya dirisha na kikombe, na yeye mwenyewe uso ameugeuzia barabarani. Wiki kwa wiki mama yangu nilimjua kwa mkono tu.

Mimi nilikuwa nimelala kwa ubavu, miguu ya kitanda upande wa chini imeinuliwa kwa matofali, damu yote inakuja kichwani. Mtu aliyezoea kuamka na kuku, kubeba beseni, kugombana na wateja! Nilihesabu mabati. Nilimwonea wivu mjusi.

"Mama."

"Eeh."

"Mtoto amecheza."

"Upande gani?"

"Kulia."

"Mwambie bibi yake yuko hapa nje, anasalimia."

Na Maloba, maskini, alikuwa kichekesho. Kila akirudi kazini alikohoa kwenye kona ya nyumba, kikohozi cha uongo kabisa, ili mama apate muda wa kujifunika leso na kuhamia kwa Kulusumu. Wakilazimika kuongea, waliongea kupitia kwangu, mmoja sebuleni, mmoja dirishani, mimi katikati.

"Shallon, mwambie mama asante kwa kuku."

"Mama, anasema asante kwa kuku."

"Mwambie ale ashibe, amekonda."

"Anasema umekonda."

"Nimesikia," alisema Maloba.

"Amesikia, mama."

"Sikuwa naongea na yeye," alisema mama.

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka, wote watatu, kila mtu mahali pake. Mwezi wa tano ulikuwa umepita. Wa sita ukapita. Wa saba ulipoingia nilimsikia mama akiimba huko nje wimbo wa kanisani, taratibu, kama mtu asiyetaka kusikika anafurahi.

Aliyekuwa hacheki ni wifi yangu Kevina.

Kevina ni dada mkubwa wa Maloba. Alikuja kutoka Masinya kunisaidia, na sitamsema vibaya kwa kazi: alifua, alinipeleka chooni, alinikalia mezani kwangu sokoni ili wateja wasinisahau. Lakini lile dirisha lilimkosesha usingizi. Asubuhi moja, kabla hajaondoka, alisimama nje juu ya mkeka wa mama, nami nikasikia yote.

"Mama Elinah, naomba nikuulize bila ubaya."

"Uliza, mwanangu."

"Hujawahi kuingia humo? Hata kidogo? Hata tukiwa hatupo?"

"Sijawahi."

"Nauliza kwa sababu ya mtoto. Kule kwetu mama mmoja aliingia kumpa binti yake dawa, akakiona kitanda cha mkwe. Mimba ilikuwa nzima. Haikufika wiki."

"Najua, Kevina," mama alijibu. "Hata kwetu imetokea. Kwa dada yangu."

Hilo la mama mdogo sikuwahi kuambiwa.

"Mama!" niliita. "Msimlishe mtoto wangu hadithi za kutisha!"

"Lala," alisema mama. "Hakuna mtu anaingia."

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa saa za mchana, jua kali, mabati yanalia. Kevina alikuwa sokoni. Kulusumu alikuwa amevuka kwenda upande wa Kenya kuchukua bidhaa zake. Maloba alikuwa ndani ya yadi ya forodha, na huko simu huiweka mfukoni ikiwa imenyamazishwa. Nyumba nzima ilikuwa na watu wawili: mimi ndani, mama nje.

Kiuno kilianza kuuma tangu asubuhi.

Nilinyamaza. Hiyo ndiyo aibu yangu ya leo, nawaambia waziwazi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mgonjwa. Nilijiambia ni kulala vibaya. Maumivu yalikuja, yakaenda, yakarudi. Mama aliniuliza kama nataka uji nikasema sitaki, akauliza mtoto amecheza nikasema ndiyo, na ukweli ni kwamba tangu kuamka sikuwa nimemsikia.

Kisha nikalowa.

Si sana. Vuguvugu, chini yangu, kimyakimya. Vilevile kama mara mbili zile.

"Mama."

"Eeh."

"Mama, nimelowa."

Mkeka ulichakacha. Alikuwa amesimama.

"Umelowa nini?"

"Sijui!"

"Piga simu! Mpigie yule sista!"

Sista Juliet ndiye muuguzi wa Tororo aliyekuwepo siku ya kushonwa. Alinipa namba yake akasema piga hata kama unaona ni upuuzi. Nilipiga. Alishika mara moja, nikaweka sauti kubwa.

"Sista, ni Shallon wa Busia. Yule mliyemshona uzi. Nimelowa."

"Shallon, tulia, sikiliza. Una maumivu?"

"Ndiyo."

"Yanakuja na kuondoka?"

"Ndiyo."

"Tangu saa ngapi?"

Nje ya dirisha nilisikia mama akivuta pumzi.

"Haya, tuache hilo. Angalia ulicholowa. Ni maji au ni damu? Ni rangi gani?"

Ndugu yangu msomaji, hapo ndipo niliposhindwa.

Wewe utasema: si unainua shuka tu, unaangalia? Ni kweli. Mikono ninayo, macho ninayo. Lakini mara ya kwanza niliangalia mwenyewe, na nikaona. Mara ya pili niliangalia mwenyewe, na nikaona. Mkono ulifika kwenye ukingo wa shuka ukakataa. Niliuamuru, ukakataa.

"Shallon? Uko?"

"Sista, siwezi kuangalia."

"Kuna mtu nyumbani?"

"Mama yupo. Yuko nje."

"Muite aingie."

Loo! Alisema kirahisi kama mtu anayeomba chumvi.

"Mama," niliita. "Umesikia."

Malapa yake yalirudi nyuma hatua moja.

"Mama, ingia uniangalie."

"Mpigie Kevina."

Nilimpigia. Simu iliita mpaka ikachoka. Nilimpigia Maloba. Vilevile. Nikarudi kwa Sista.

"Kulusumu!" mama alikuwa akiita huko nje. "Kulusumu!" Anajua kabisa Kulusumu hayupo. "Majirani! Mwanamke yeyote!" Lori lilipiga honi barabarani. Saa hizo ua wetu wote huwa mpakani kutafuta riziki.

Maumivu yalinishika tena, haya makali kuliko yale. Niliuma mto.

"Mama, ingia!"

"Siwezi, mwanangu."

"Kwa nini huwezi? Miguu inakuuma?"

"Nikiingia nitamuua! Huelewi? Dada yangu aliingia kwa binti yake. Mtoto alikuwa anacheza tumboni, mzima, naye aliingia tu kupeleka maji. Nilimzika yule mtoto kwa mikono hii! Unataka nikuletee hiyo?"

"Na usipoingia?"

Alikuwa analia. Mama yangu si mtu wa kulia.

Nikasema neno. Nililisema kwa hasira, na nililisema ili limuume.

"Basi kaa hapo nje. Wakishamfunga kwenye kitambaa kama wale wenzake, nitakupitishia dirishani."

Huko nje hakukuwa na sauti tena. Hata kulia kuliisha.

Halafu nikasikia malapa yakizunguka nyumba. Polepole. Mlango wa mbele ukalia. Sufuria ikaanguka sebuleni, ikabingirika, mama akaomba radhi kwa sufuria. Kiti kikasukumwa. Pazia la chumbani likajaa mkono, ule mkono ninaoujua, halafu likafunguka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga leso machoni.

Aliikunja mara nyingi, akaikaza kisogoni kwa fundo. Hiyo leso yake ya njano, ya kwenda kanisani. Mikono ameitanguliza mbele, anapapasa hewa.

"Ongea," alisema. "Ongea nifuate sauti."

"Niko hapa, mama."

"Kitanda kiko wapi?"

"Mbele yako. Kuna matofali chini, usijikwae."

"Sioni kitu," alisema, si kwangu. Alikuwa anamwambia mtu mwingine kabisa, huko juu. "Mimi sioni kitu humu."

Alinifikia. Mikono yake ilinishika mguu, goti, ikapanda mpaka tumboni ikatulia. Maumivu yakaja akiwa amenishika hapo hapo, akayasikia kwa viganja.

"Mama Shallon, ni wewe?" Sista Juliet aliuliza kwenye simu.

"Ni mimi."

"Tumbo likoje?"

"Limekuwa gumu. Sasa linalegea."

"Angalia shuka, mama. Niambie."

Mama alipapasa chini yangu, akaleta vidole puani akanusa.

"Si mkojo," alisema.

"Ni rangi gani?"

"Ni kitu cha maji maji."

"Mama, nataka rangi. Kama ni damu nyingi nitakwambia hivi, kama ni maji nitakwambia vingine. Rangi gani?"

Mama aligeuza uso wake uliofungwa kwangu.

"Shallon. Angalia wewe, mwanangu. Tafadhali. Angalia wewe."

"Siwezi, mama."

"Kidogo tu."

"Siwezi! Nikiangalia atakufa! Kila nikiangalia wanakufa!"

Nilipayuka hivyo. Sikujua kwamba naliamini jambo hilo mpaka lilipotoka mdomoni. Tukabaki pale, wanawake wawili wazima, kila mmoja akiogopa macho yake mwenyewe, na simu inasema halo, halo.

Mama ndiye aliyemaliza. Alipeleka mikono kisogoni. Fundo lilikuwa limekaza, akalihangaikia kwa kucha.

"Mama, usi..."

"Nyamaza." Leso ilidondoka shingoni. Alikuwa amefumba macho chini yake, amekaza kope zote. "Bwana, unanisikia. Kama kuna kitu kinakuja, kije kwangu mimi. Si kwake. Mimi ndiye ninayeona."

Akafumbua.

Aliona kitanda. Aliona suruali ya Maloba kwenye msumari, mto wake, na godoro letu. Aliviona vyote, kisha akainamia shuka akaangalia palipotakiwa.

"Ni maji," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kama maji ya kuoshea mchele. Yana uwekundu kidogo, kama uzi."

Sista akajibu papo hapo.

"Basi chupa imepasuka. Mama, sikiliza sana. Asitembee. Asikae. Mleteni amelala, sasa hivi. Daktari aliyemshona yuko hapa leo. Kama uchungu ni wa kweli, ule uzi lazima ukatwe, la sivyo utamchana. Mume wake nampigia mimi mwenyewe, namba yake iko hapa. Msichelewe!"

Tukabaki tunangoja. Mama aliketi kitandani. Kitandani kwa mkwe wake! Alinishika kichwa. Sijui tulikaa kiasi gani.

Ndipo kikasikika kikohozi pale kwenye kona ya nyumba.

Mazoea ni kitu kibaya. Mwanamume amekimbia kutoka forodhani, pumzi imemwishia, na bado amekumbuka kukohoa. Alikohoa mara ya pili. Mama aliruka akasimama. Mlango ni mmoja, dirisha lina vyuma. Akageukia ukuta, akajifunika leso kichwani, akajibana kwenye pembe kama mtoto anayecheza kujificha.

Maloba aliingia chumbani akamkuta.

Sijawahi kuona mtu akisimama namna ile. Mguu mmoja ndani, mmoja nje. Alitazama mgongo wa mama mkwe wake ndani ya chumba chake, kisha akanitazama mimi, kisha shuka.

"Shallon," alisema, "mwambie mama... mwambie naomba kupita."

"Mama, anaomba..."

"Apite," mama aliuambia ukuta. "Simwoni."

"Nimetoka yadi nikakuta simu ya Sista. Nurudin nimempigia, yuko nje na pikapu. Nitakubeba."

"Sista amesema nisikunjwe. Nibebwe nimelala."

Maloba aliangalia godoro. Mimi niliangalia godoro. Lina pembe nne, na yeye ana mikono miwili.

"Muite Nurudin," nilisema.

"Nurudin mgongo wake ni mbovu, anaujua mwenyewe. Hata gunia habebi."

Tulijua sote watatu. Kisha mama akageuka kutoka ukutani. Leso aliifunga kiunoni, akaikaza kama anakwenda shambani, akaja akashika godoro upande wa miguu yangu.

"Shika kichwani," alisema.

Hakusema mwambie ashike. Alisema shika.

Maloba alishika. Watu wawili wakibeba godoro lazima watazamane, hakuna namna nyingine, la sivyo mnapiga ukuta. Tangu siku ya harusi yetu hawakuwahi kutazamana usoni. Waliinua, na juu ya tumbo langu wakatazamana, wakanitoa chumbani, sebuleni, mlangoni, mama akirudi kinyumenyume na Maloba akimwongoza.

"Kushoto, mama. Kuna sufuria."

"Nimeiona."

"Ngazi. Moja. Hapo hapo."

Tulipofika kwenye pikapu, Kevina alikuwa anaingia uani, beseni kichwani. Alituona. Aliona mlango wa chumbani uko wazi, akaona mama amelishika godoro la kaka yake. Beseni lilianguka, mukene wote wakamwagika.

"Mmefanya nini?" alipiga kelele. "Mama Elinah, si uliniahidi? Uliniahidi! Huyo mtoto hatakaa sasa! Hatakaa!"

"Kevina," alisema Maloba.

"Mmemmaliza!"

"Kevina! Fungua mlango wa nyuma wa gari."

Akafungua. Analia, anafungua. Sitamsahau kwa hilo pia.

Njia ya kwenda Tororo siwezi kuisimulia. Niliona mbingu tu. Mama alikuwa nyuma pamoja nami, amenishika vifundo vya miguu, akimpigia Nurudin kelele kwenye kila shimo. Lakini tulipofika mbali kidogo niliona ameanza kunyamaza. Maneno ya Kevina yalikuwa yanafanya kazi ndani yake. Aliangalia mikono yake. Aliangalia tumbo langu, akageuza macho haraka kama ameiba.

"Mama, niangalie."

"Nimeshaangalia vya kutosha," alisema.

Hospitalini Sista Juliet alikuwa anatungoja na machela. Walinihamisha, wakanikimbiza. Mlangoni mwa chumba cha kuzalia Sista akasema, "Mtu mmoja anaingia naye. Nani?"

Maloba alimtazama mama. Mama alirudi nyuma.

"Mimi hapana," alisema. "Mimi nimeshamletea mabaya. Nitakaa kule nje getini, mbali. Labda nikiwa mbali..."

"Mama!" niliita.

"Shallon, niache mimi mama yako niende mbali."

Alikuwa tayari amegeuka. Ndipo Maloba alipofanya jambo ambalo nitalishukuru mpaka nitakapozikwa. Alimpita, akasimama mbele yake, akamwangalia usoni. Na hakunipitishia mimi neno.

"Mama," alisema. "Kitanda ni changu mimi. Kama kuna aliyekosewa, ni mimi, na mimi sijakosewa. Ingia na mtoto wako."

Mama alitikisa kichwa.

"Nakuomba," alisema Maloba.

Mama akaingia.

Daktari alikuwa ameshavaa glavu. Alinipima, akaangalia, uso wake haukuonyesha kitu. Sista aliweka ile pembe ya kusikilizia tumboni, akainamisha sikio. Akaisogeza. Akaisogeza tena. Mama alikuwa ameishika leso kwa mikono miwili anaikamua.

"Yuko," Sista alisema. "Nampata. Anaenda mbio kidogo, lakini yuko."

Nilitaka kushangilia. Daktari hakunipa nafasi.

"Shallon, sikiliza. Maji yametoka, na mlango unasukuma dhidi ya uzi. Siwezi kuuacha, utakuchana na utaleta uchafu ndani. Nauondoa sasa. Nikishaukata, pengine anakuja leo hii. Pengine mwili unatulia, anakaa siku mbili tatu tukuchome sindano za kukomaza mapafu yake. Sitaki kukudanganya. Hatujui mpaka tukate."

"Na akija leo?"

"Atakuwa mdogo sana."

"Wangapi wadogo hivyo wanaishi?"

"Wapo wanaoishi," alisema. Hakusema wangapi.

Aliwasha taa kubwa. Sista akaleta sinia, likalia kwa vyuma vilivyomo. Juu, karibu na ile taa, kulikuwa na kioo cha kabati, na ndani yake nilijiona mzima: magoti yangu, tumbo, mikono ya daktari.

Mama naye alikiona kile kioo. Akaikunja leso ya njano, mara nyingi, kama alivyoikunja pale nyumbani, akaileta karibu na uso wangu.

"Nikufunge, mwanangu," alinong'ona. "Usiangalie. Mimi nitaangalia kwa ajili yako. Mimi nimeshaona, haidhuru tena."

Nilitamani. Jamani, nilitamani. Kitambaa kilinukia jasho lake na moshi wa jiko la Kulusumu.

Nikakishika. Nikakiweka juu ya kifua changu, tayari, kama wanavyoweka nguo ya kumpokelea mtoto. Nikamshika mama kidevu, nikamgeuza uso, mpaka tukatazama kule juu pamoja.

Maumivu yalikuwa yanakuja tena. Kwenye kioo niliona mkasi ukisogea. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, upande wa kulia, mtoto akanipiga teke.

"Kata," nilimwambia daktari. "Naangalia."